Salamu ya Kwenye Chaki

Winga ni mtu wa pembeni. Mwenye kubisha na abishe, mimi nimecheza namba saba miaka mitatu katika chuo cha ualimu hapa Kasulu, najua ninachosema. Kipa ana goli lake la kuegemea, mabeki wanapigiana kelele, viungo wanagombana na refa. Wewe umebandikwa kwenye chaki, jua linakuchoma shingo, unasubiri mpira ambao pengine hautakuja. Mwalimu wa michezo alinieleza kazi yangu siku ya kwanza kabisa: "Wewe una mbio, akili ya mpira huna. Simama pale kwenye chaki. Ukiona mpira unapaa, kimbia ukaupokee. Kingine chochote usifanye." Nikasema sawa, mwalimu. Kusimama peke yangu nilikuwa nimekuzoea tangu utotoni.

Mbio zenyewe nilizitoa nyumbani, Kibondo. Baba yangu alikuwa mtu wa nyuki. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, hakukuwa na mtoto mwingine, kwa hiyo tukabaki wawili ndani ya nyumba na mizinga yetu porini. Yeye alipanda mtini kurina asali, mimi nilisimama chini na ndoo. Nyuki wakichachamaa alipiga mluzi, nami nikatimka. Ukishakimbizwa na nyuki wa Kibondo mara nne tano, beki wa chuo atakupata wapi?

Hakuwa mtu wa maneno. Tuliweza kula chakula cha jioni mwanzo mpaka mwisho, ugali wa muhogo na maharage, bila sauti zaidi ya ile ya vijiko. Alikuwa na koti moja la kijivu la kwendea porini, limelowa moshi miaka na miaka, hata ulifue na nini halitoki. Baba akikusogelea ulimjua kwa pua kabla ya macho. Nilipochaguliwa chuo alinisindikiza mpaka kituoni, akanipa mkono, akasema, "Haya, kasome." Basi. Nikakaa dirishani, vumbi la barabara ya wakati ule likaniingia puani mpaka Kasulu.

Kiwanja chetu pale chuoni kilikuwa na pande mbili. Upande mmoja lilikuwapo jiko, na nyuma ya jiko rundo la kuni refu kuliko mtu. Upande wa pili ilikuwapo mikaratusi, na njia ya kutoka getini ilipita hapohapo kandokando ya chaki. Kipindi cha kwanza nilicheza upande wa jiko, cha pili tukibadilishana magoli nikahamia upande wa mikaratusi. Nawaeleza haya mapema kwa sababu mtayahitaji.

Aliyekuwa ananipigia mipira alikuwa kiungo mmoja, mtoto wa daktari aliyehamishiwa Kasulu kutoka Tanga. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao huko, kinateleza, na changu alikicheka kila siku. "Wewe ukiongea nasikia kama unanigombeza," alisema. Lakini uwanjani tulielewana ajabu. Akishajigusa sikio, mimi nimeshaondoka, na mpira unanikuta mbele huko, umeanguka palepale mguu ulipo. Tulikula meza moja. Kwa mtu kama mimi, aliyelelewa na baba bubu na nyuki, yule alikuwa rafiki wa kwanza wa maishani.

Nilichokitaka kuliko vyote, hata kuliko cheti chenyewe, ni baba aje anione nikicheza. Hata mara moja tu. Sijui kwa nini lilinikaa kooni namna ile. Nadhani nilitaka aone kwamba zile mbio alizonifundisha bila kujua, kuna watu wanazipigia makofi. Nikawa nampigia simu. Mara nyingi haipatikani, yuko porini. Ikipatikana, ananisikiliza mpaka mwisho, halafu ananiambia, "Mpira ni wa watoto." Nikaomba, nikaomba tena. Siku ya mwisho nikamwambia, "Baba, njoo mara moja tu, sitakusumbua tena." Akakata simu.

Ikafika mechi ile ya mwaka wa kwanza. Tulicheza na chuo jirani, na mshindi ndiye wa kwenda Tabora kwenye mashindano ya kanda. Chuo kizima kilitoka, mpaka wapishi. Kipindi cha pili, hatujafungana, nimesimama upande wa mikaratusi, mpira uko kule upande wa jiko unagombewa. Nikasikia harufu ya moshi. Nikageuka.

Baba alikuwa anakuja kandokando ya chaki, koti lake mwilini kwenye jua lote lile, mkononi kidumu cha njano cha asali. Hakuwahi kuona mechi maishani. Ile mistari nyeupe kwake ilikuwa chokaa tu imemwagwa. Alimwona mwanawe amesimama pembeni, hafanyi chochote, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akaweka kidumu chini, akasimama. Anangoja.

Sasa, kwa asiyetujua sisi Waha: salamu kwetu ni kazi ya kufanywa, ina mwanzo wake na mwisho wake. Mbele ya baba yako unainama, unapiga makofi taratibu, unamuuliza nyumbani kukoje, wazee wa jirani wakoje, shamba, mizinga, afya, mvua, naye anajibu kimoja kimoja. Akimaliza kujibu, ndipo zamu yake ya kukuuliza wewe. Haikatwi katikati. Anayeikata mbele ya baba yake amemtukana, na anayejifanya hajamwona kabisa, huyo afadhali angemtukana. Mpira ulikuwa mbali. Nikajiambia, nitawahi. Ningefanyaje? Nimkaushie baba yangu mbele ya chuo kizima, tena niliyemwita mwenyewe?

Nikainama. Nikapiga makofi. Nyumbani kukoje, kuzuri. Majirani wakoje, wazima. Shamba je, linaendelea. Nimefika kwenye mizinga, mdomo umeshafunguka, nikasikia sauti ya Kitanga ikipasuka kutoka katikati ya uwanja: "Weee! Mpiraaa!"

Nilipogeuka ulikuwa umeshanipita. Pasi ndefu nzuri kuliko zote alizowahi kunipigia, hakuna beki hata mmoja mbele yangu, ni mimi na kipa. Mpira ukadunda mara moja ndani, ukatoka nje, ukapiga kile kidumu. Kizibo kikaruka. Asali ikamwagika juu ya chaki. Watazamaji wakaangua kicheko. Wapinzani wetu hawakucheka, wao walirusha haraka, pasi tatu, nne, na mabeki wetu bado wanatazama asali. Goli. Na mechi ikaishia hapo, moja bila.

Baba alikuwa amechuchumaa, anajaribu kuikusanya kwa kiganja. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse asali kwenye vumbi la Kasulu. Filimbi ya mwisho ilipolia nilimfuata, machozi yananitoka kwa hasira, na nyuma yangu sauti ya rafiki yangu: "Umesimama kupiga salamu? Salamu?" Nikamwambia baba neno moja. Nililisema kwa Kiswahili, mimi ambaye tangu nizaliwe sijawahi kuzungumza naye isipokuwa Kiha.

"Bora usingekuja."

Alisimama. Akafuta kidumu kwa pindo la koti. "Haya, mwalimu," akasema, naye kwa Kiswahili, akarudi na njia ileile ya getini. Sikumfuata. Nililala na neno langu hilo tumboni, nikaamka nalo, na mpaka leo lipo.

Baada ya hapo ndipo nilipojua upweke ni kitu gani. Kila nikigusa mpira, uwanja mzima unaitikia kwa sauti moja: "Shikamooo!" Darasani nikiingia, shikamoo. Foleni ya chakula, shikamoo. Ningecheka nao yangeisha, lakini mimi nina hasira za karibu, nikawa nazira, na wanachuo wakijua unazira umekwisha. Rafiki yangu alihamia meza nyingine. Hakunigombeza tena, angenigombeza ningeshukuru. Alinipita tu kama mtu anayepita mti. Nilikaa benchi miezi mingi. Niliporudishwa kwa sababu ya mbio zangu, alikuwa akipiga mipira yote upande wa kushoto. Mwalimu akimuuliza, anajibu, "Kule kulia kuna mtu?"

Basi nikawa nasimama. Dakika tisini, upande wa jiko, upande wa mikaratusi. Kila mechi niliangalia ile njia ya getini. Nilikuwa nimemwambia asije, halafu namtafuta! Binadamu bwana. Wakati mwingine nilisikia harufu ya moshi, nikageuka haraka, kumbe jikoni wanapika maharage. Mara moja niliisikia upande wa mikaratusi, ambako hakuna jiko. Nikajisema, haya, sasa umeanza kurukwa na akili.

Asali, hata hivyo, iliendelea kuja. Siku moja moja mzee wa getini alikuwa ananiita, "Mwalimu, mzigo wako." Kidumu cha njano kilekile, na alama ya kubonyea pale mpira ulipopiga. Nikimuuliza nani kaleta, ananijibu, "Kimeletwa." Nilijua ni kondakta wa basi la Kibondo anakishusha. Nilikaa kitandani kwangu, nikaila asali kwa kidole, peke yangu, na kidumu kikiisha nikakirudisha getini. Mimi somo langu ni hesabu. Nimefundishwa kutafuta mpangilio wa vitu, na nawafundisha watoto wa watu kila siku. Sikuona kwamba asali inafika siku ya mechi tu.

Likizo nilikwenda nyumbani, tukala ugali kwa sauti ya vijiko. Nilikuwa na nia ya kumwomba radhi. Kila siku nilisema kesho. Neno nililolitamka kwa haraka kiasi kile, kulirudisha likawa zito kuliko gunia la muhogo. Naye hakuuliza chochote juu ya mpira, hata mara moja. Ila jioni moja aliniuliza, "Kifundo cha kushoto kimepona?" Nikamwambia kimepona. Kilikuwa kimeumia wiki nyingi nyuma na sikuwa nimemwambia mtu. Nikadhani labda bado nachechemea.

Mwaka wa tatu, mechi ya mwisho kabisa kabla ya mitihani, nikafunga. Sijui kilimwingia nini yule kijana wa Tanga. Kipindi cha kwanza, niko upande wa jiko, nikamwona anajigusa sikio. Miaka miwili sijaona ishara ile. Miguu ikaondoka yenyewe kabla mimi sijaamua. Mpira ukashuka, nikaupokea, nikamzunguka kipa, ndani. Watu walishangilia goli, hawakunishangilia mimi, na kati yao wawili watatu wakapiga shikamoo kwa mazoea. Kijana wa Tanga aliinua dole gumba kwa mbali, akarudi katikati. Mimi nikageuka kuangalia njia ya getini, ng'ambo kule. Hapakuwa na mtu. Kilichofuata ni kishindo nyuma ya jiko, rundo la kuni limeporomoka, na wapishi wanapiga kelele, "Ebo! Nani huko?" Watu wote wakageuka kuangalia kuni. Goli langu likaishia hapo. Nikarudi kwenye chaki nikasimama. Jioni ile mzee wa getini akanipa asali.

Sikucheza tena baada ya chuo. Nilipangiwa shule huku Rungwe Mpya, hapahapa Kasulu, nikaoa, nikazaa. Kila nilipopanga kwenda Kibondo kuzungumza na baba kiume, palitokea mtihani wa mkoa, au mtoto kaugua, au uvivu, tuseme ukweli. Simu tulipigiana. "Hujambo, mwalimu?" aliniuliza. Tangu siku ile hakuniita kwa jina langu. Nilisikia adhabu kila alipolisema.

Alifariki mvua zilizopita. Presha, asubuhi, uani. Barabara siku hizi ni lami tupu, nikafika mapema kuliko nilivyowahi kufika nikiwa mwanafunzi, na bado nilikuwa nimechelewa.

Msibani walikuwapo majirani, watu wa kanisani, na wenzake wa nyuki. Na pembezoni, kwenye benchi la mwisho, alikuwapo mzee mmoja niliyemfahamu sura bila kujua ametoka wapi. Anazidi kunikodolea macho, nami nazidi kumkodolea. Ndipo nikakumbuka. Mzee wa getini! Alikuwa ameshastaafu, amezeeka, fimbo mkononi. Nikajiuliza, huyu amefuata nini Kibondo?

Tulipotoka kuzika nilimwendea, nikamsalimia, nikamuuliza kwa adabu alimjuaje marehemu.

"Nisimjue?" akasema. "Mtu amekunywa chai kwenye kibanda changu miaka mitatu!"

Nikakaa chini.

Akanieleza kwa raha zake, anaonyesha kwa fimbo kana kwamba kiwanja kiko pale mbele yetu. Baba alikuja kila mechi ya nyumbani. Alipanda basi la alfajiri, akafika getini, akamuuliza mzee leo wanacheza saa ngapi. Kipindi cha kwanza alisimama nyuma ya rundo la kuni. Kukiwa mapumziko alizunguka nyuma ya madarasa, akasimama kwenye mikaratusi. "Ukihama wewe, anahama yeye. Nikamwambia, mzee mwenzangu, si uende mbele uone vizuri? Akaniambia, akiniona itabidi anisalimie. Acha nikae asiponiona, afanye kazi yake. Akaniapisha nisiseme. Na mimi asali nimeshakula, ningesemaje?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Siku uliyofunga! Aliruka kama mtoto, kuni zote zikamwangukia mguuni. Alirudi Kibondo anachechemea. Alikuwa anagomba mtu huyu! Kila mara, mbona hawampi mpira? Mbona wamemwacha peke yake pale? Nikamwambia hayuko peke yake, wewe si upo?"

Baadaye nikauliza lile ambalo lazima niulize. "Hakuwa amenikasirikia? Kwa ile siku ya kwanza?"

"Akukasirikie kwa lipi? Ile siku ndiyo alikuwa anaisimulia mpaka masikio yananiuma. Watu wote wale wanamwita, anasema, mpira unapita, mwanangu ameinama ananisalimia mimi. Hata hilo jina la mwalimu, alikuwa akilitamka anajaa mdomo mzima. Mwalimu wangu, mwalimu wangu."

"Na lile neno nililomwambia?"

Mzee akanitazama. "Neno gani?"

Baba hakuwa amemwambia. Alikunywa naye chai miaka mitatu, akamweleza yote, akaacha hilo. Nikasema si kitu, baba, nikaenda kumtafutia chakula.

Kesho yake asubuhi, begi langu liko tayari barabarani na gari la Kasulu linapakia, nilirudi kaburini peke yangu. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nikainama, nikapiga makofi taratibu, nikaanza na salamu yetu ya asubuhi. Mwakeye, baba. Nyumbani kukoje. Majirani wakoje. Shamba je. Nikafika kwenye mizinga, pale nilipoishia, nikaendelea. Nikamuuliza afya. Nikamuuliza mvua. Gari likapiga honi, wakaniita kwa jina, sikugeuka. Nilipomaliza nilinyamaza, nikiwa nimeinama vilevile, nikampa muda wote ambao angeuhitaji kuniuliza mimi.

Nilipofika barabarani gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Nikasimama pembeni mwa lami na begi langu, nikasubiri jingine.